Mifupa Tuliyomdai Maalim

Maalim alizaliwa wapi, nani alimnyonyesha, babu zake walikuwa kina nani, sijui na sina haja ya kujua. Mimi nilimkuta ameshakuwa Maalim: ndevu zimechanwa, kanzu imefuliwa, ameketi juu ya ngozi ya mbuzi katika kibanda cha nyasi pale Wenje, na mbele yake watoto wa wakulima wa mtoni wanapayuka alifu na bee. Nitamweleza nilivyomjua. Mema yake nitayasema, nisije nikaambiwa kinyongo kimenipofusha. Kinyongo ninacho, tena kingi, lakini macho yangu ni mazima.

Sauti yake nitaanza nayo, kwa sababu hata leo inaniudhi kwamba ilikuwa nzuri. Akianza kusoma asubuhi, wanawake waliokuwa wakitwanga walisimamisha michi. Waorma walioleta ng'ombe kunywa maji ng'ambo ya mto walinyamaza wakasikiliza, na wao hawakuwa watu wa kunyamazia kila kitu. Alitoka Kipini, na maneno yake yalikuwa ya pwani. Hakusema njoo, alisema "ndoo." Hakusema sijui, alisema "siyui." Sisi watoto tulimwiga tukiwa njiani kurudi nyumbani, na aliyemwiga vizuri kuliko wote alikuwa kaka yangu Jilo.

Mto aliuogopa. Katika kijiji ambacho mtoto hujua kupiga kasia kabla hajajua kujifunga nguo, Maalim hakuwahi kutia hata unyayo majini. Inasemekana siku aliyoletwa na mtumbwi alilala kifudifudi humo ndani, kanzu amejifunika kichwani, akisoma dua mpaka wakafika. Alioga kwa kata, nyuma ya kibanda, maji tukimchotea sisi. Kila gogo lililopita likielea aliliita mamba, na mamba wa kweli alipoonekana alifunga chuo siku nzima. Baba zetu walimcheka kwa siri, maana kumcheka hadharani ingekuwa utovu wa adabu.

Alikuwa mchungu wa fimbo na mpole wa wagonjwa. Mtoto akikosea herufi moja alichapwa mpaka akasahau na zile alizozijua. Lakini mgonjwa akiitiwa Maalim, Maalim alikwenda, hata kwenye jua la kupasua kichwa, na sahani yake nyeupe chini ya kwapa. Aliiandika aya kwa zafarani, akaiosha kwa maji, akamnywesha mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Mama yangu alipopata homa baada ya mafuriko, ndiye aliyemnywesha kombe hilo na kukaa naye mpaka jasho likatoka. Tena alitupokea sisi wasichana chuoni, wakati wazee wengine walisema msichana akijua kusoma atamwandikia nani. Hayo ndiyo mema yake, nimeyasema yote na sitayarudia.

Sasa niseme jinsi mtoto alivyokuwa akiingizwa chuoni kwetu, kwa sababu kila kitu kimefungwa hapo. Mzazi alimshika mtoto wake mkono, akamfikisha mbele ya Maalim, akasema: "Maalim, nyama yako, mifupa yangu." Maana yake, mchape ukipenda, nyama itapona, lakini nitakapokuja kumchukua nimkute mzima. Maalim naye aliushika mkono wa mtoto akajibu neno moja: "Nimepokea." Bila neno hilo mtoto hakuwa ameingia chuoni, hata akikaa pale mwaka mzima. Mama alimkabidhi Jilo hivyo, akanikabidhi na mimi hivyo hivyo, na mara zote mbili alisikia nimepokea kwa masikio yake.

Maalim alikuwa na mzaha wake juu ya maneno hayo. Mwanafunzi akihitimu, wazazi walichinja mbuzi, na sinia la kwanza liliwekwa mbele ya Maalim. Yeye alichambua nyama kwa vidole vyake virefu, akala taratibu, kisha akatusukumia mifupa akicheka. "Mifupa ya wazazi wenu hiyo. Wapelekeeni!" Tukaigombania, tukanyonya uboho, tukacheka na sisi. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni mzaha tu.

Vita alivipenda mno. Vya zamani, nasema. Alasiri, tukishachoka kusoma, alipanga kokwa za tende mchangani: hawa ni farasi, hawa ni ngamia, hiki ni kisima, hapa ndipo jeshi lilipolala. Alivijua vita hivyo hadi rangi za ngamia. Akifika mahali ambapo watu walikatwa na kiu jangwani, sauti ilimkwama, machozi yakamshuka kwenye ndevu, na sisi tukalia naye. Kwa hiyo asije mtu akaniambia Maalim hakuwa na ulimi wa kuelezea vita.

Halafu akaja mzungu mmoja na askari wake, wakipanda na mto, wanatafuta vijana wenye nguvu wa kubeba mizigo na kuchunga ngamia ng'ambo ya bahari. Wazee waliwaficha watoto wao mashambani. Maalim hakumficha mtu. Mzungu alimwekea kiti, akamwita "kadhi", na nadhani kiti kile ndicho kilichomlevya, maana hatukuona apewe kingine. Aliwaita wanafunzi wake wanne wakubwa: Jilo, Komora, Buya na Maro. Akawaambia ni kazi ya ngamia tu, nchi yenyewe ni ya Waislamu, watakaa na ndugu zao, na watarudi mpunga ukiwa bado shambani. Mama alimfuata akamwuliza, "Maalim, mtoto yangu aende?" Akamjibu, "Mwanao yu mkononi mwangu, mama Jilo." Akawapulizia dua vichwani mmoja mmoja. Jilo alipanda mtumbwi akituaga kwa sauti ya Maalim, "Ndooni mutuone!" na watu wote gatini wakacheka.

Mpunga ulivunwa, hawakurudi. Habari zikaanza kuja na mitumbwi ya chumvi kutoka Kipini, na kila mtumbwi ulikuja na yake. Kazi si ya ngamia, ni vita. Meli iliwapeleka mbali kule upande wa Adeni, kwenye nchi ya Wasomali, na wanaopigwa ni Waislamu wanaomfuata shehe wao. Visima vimekauka, wapagazi wanaanguka na mizigo kichwani. Mzee mmoja wa Kiorma, aliyekuja kunywesha ng'ombe, alisema amesikia hayo hayo kwa wafanyabiashara wa Kisomali. "Huko bunduki haiui sana," alisema. "Kiu ndiyo inaua."

Wenje ikapoteza usingizi. Watoto wetu wanabeba risasi za kuwapiga watu wanaoelekea kibla kimoja na sisi. Na wakifa, nani anawaosha, nani anawaswalia? Mama hakujua aombe nini. Siku moja aliomba Jilo arudi, siku ya pili akamwombea rehema za marehemu, kisha akaogopa kwamba dua hiyo ya pili ndiyo itakayomwua. Alimnunua beberu akamfunga nyuma ya nyumba, akasema huyu ni wa Jilo akirudi. Kuomboleza hakuweza, kufurahi hakuweza, na mtu akikaa hivyo miezi na miezi huanza kuwatazama watu kwa jicho jingine.

Ndipo wazazi wakaenda chuoni, si nyumbani kwa Maalim. Walitaka jambo hilo lisemwe pale pale, mbele ya watoto, mahali ambapo mambo ya dunia na akhera husomeshwa. Sisi tulikuwa tumeketi na mbao zetu mapajani.

Baba yake Komora ndiye aliyeanza. "Maalim, sisi hatujui dunia. Wewe ndiye mwenye vitabu. Tuambie hapa, watoto nao wasikie. Vita hiyo ya nini? Wanapigana na nani? Na mtu akifa huko, sisi tufanye nini?"

Maalim alikuwa akichonga kalamu ya tete. Hakuinua macho. "Hapa ni chuoni. Hapa husomwa alifu na bee. Vita vya ng'ambo viko ng'ambo, siyui habari zake."

"Mbona vita ya zamani wewe najua?" Mama akasema. "Juzi binti yangu amerudi ameniambia mpaka rangi ya ngamia."

"Hivyo ni vya vitabuni, mama Jilo."

"Basi na mtoto yangu iko kitabu gani?"

Maalim alifunga chuo siku hiyo, na hapakuwa na mamba hata mmoja mtoni.

Sisi wanafunzi hatukumwachia. Kila asubuhi mmoja wetu aliuliza, tena kwa adabu, mikono imekunjwa. Maalim, tusomeshe vita vya kina Jilo. Maalim, ng'ambo kuna visima? Dada yake Buya ndiye aliyeuliza hilo la visima, na Maalim alimchapa viganja vyote viwili mpaka akashindwa kushika kalamu. Nilimtazama akichapa. Fimbo ilikuwa ikitetemeka kuliko mtoto. Nikasema moyoni, huyu mtu ana jambo, na siku moja atalitapika.

Shamba la Maalim la mpunga tulililima sisi na wazazi wetu, ndiyo ilikuwa shukrani yetu kwake. Mpunga ukianza kutia maziwa, wanafunzi walipokezana kukaa juu ya dungu, kile kilingo kirefu cha miti katikati ya shamba, na kuwafukuza kwelea kwa teo na madonge ya udongo. Mwaka huo Mama alipita nyumba kwa nyumba na neno moja tu: mtoto wa mtu asipande dungu la Maalim mpaka Maalim aseme. "Ndege nao wana njaa," alisema. Wazazi wote wakakubali, na sisi tulikubali kabla yao.

Kwelea wakaja kama wanavyokuja, wengi mpaka shamba likabadilika rangi. Maalim alipanda dungu mwenyewe na kanzu yake. Teo hakuijua, donge la kwanza lilimrudia begani. Akabaki na sauti. Aliwapigia ndege kelele kwa sauti ile ile nzuri, kutwa nzima mpaka jua linazama, na ndege mwanzoni waliruka, baadaye wakaizoea wakaendelea kula. Sisi tulikuwa juu ya madungu ya mashamba yetu, tunamwona vizuri kabisa. Tulicheka wazi wazi. Sauti ikamkauka, mpunga ukaisha, akashuka na mabua matupu, na bado hakusema.

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka kuswali, Mama alimsimamisha njiani. Alikuwa mwanamke mfupi, Maalim alimpita kichwa na mabega. Akamwambia kwa utulivu, kila mtu akasikia: "Maalim, mimi nilikupa nyama. Mifupa yangu iko wapi?"

Maalim alitazama chini. Kisha akasema, "Subira, mama Jilo," akapita. Haikupita siku nyingi akaondoka na mtumbwi wa wachuuzi wa chumvi, amelala kifudifudi, kanzu kichwani. Hakuna aliyemshika mkono wa kwaheri. Chuo kililiwa na mchwa.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikazaa. Beberu wa Jilo akazeeka, Mama akaweka mwingine mahali pake, na yule naye akazeeka akaweka mwingine. Akiulizwa mbuzi huyu anauzwa, alijibu ana mwenyewe. Matanga hakuyakubali. Wazazi wa kina Komora walishachoka, wakasoma hitima zao kwa kubahatisha, lakini Mama alisema hawezi kumzika mtoto kwa maneno ya wauza chumvi. Alimkabidhi mtu, na mtu huyo ndiye atakayemwambia.

Mwaka juzi mume wangu alipakia mpunga kwenda kuuza Kipini, nikafuatana naye na mikeka yangu. Nilikuwa napita kwenye uchochoro mmoja pale mjini nikasikia sauti. Ilikuwa imepasuka kidogo, lakini ningeitambua hata chini ya maji. Nikasimama ukutani. Watoto walikuwa wamemaliza kusoma, wanafunga kwa dua, na Maalim akasema, "Na uwarehemu wale wanne waliokufa na kiu ng'ambo. Jilo. Komora. Buya. Maro." Watoto wakapiga kelele, "Amin!" wakiwa na haraka ya kwenda kucheza. Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha kaka yangu.

Niliingia. Macho yake yalikuwa meupe, mtoto wa jicho amemwingia yote mawili.

"Nani?" akauliza.

"Mtu wa Wenje. Dada yake Jilo."

Mkono wake ukatafuta ukuta. Nikamwuliza alijua lini. "Mwaka ule ule, kabla ya wazee wenu kuya chuoni. Mpagazi mmoya aliyerudi alin'ambia, alikuwa nao. Mpunga wangu ulikuwa hauyatoa shuke."

Kwa hiyo alijua wazazi walipokuja. Alijua alipomchapa dada yake Buya kwa ajili ya visima. Alijua juu ya dungu, na alijua Mama alipomsimamisha njiani na kumwuliza. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, mungeniuliza ni nani aliyewapeka huko ng'ambo."

Watoto walikuwa wamesimama na mbao zao, hawajui watoke au wakae. Mmoja, msichana mdogo wa mbele, akasema, "Maalim, kwani hao wanne ni kina nani? Kila siku twawaombea na hatuwayui."

Nikaketi mlangoni, nikaziba njia. "Mjibu," nikamwambia. "Hapa ni chuoni."

Na Maalim akasomesha. Alipapasa kokwa za tende akazipanga kwa vidole visivyoona. Hii ni meli. Hawa ni wapagazi. Hiki ni kisima, hakina mai. Hawa wa upande huu walikuwa wakisali saa zile zile na hawa wa upande huu. Buya alianguka kwanza, Jilo akachukua mzigo wake juu ya wake. Sauti ilimkwama pale pale ilipokuwa ikimkwama zamani, ila safari hii mimi sikulia naye. Alipofika mwisho akasema, "Na aliyewapeka ni mimi, Maalim wenu." Watoto walitoka mmoja mmoja, kimya, bila kumuaga.

Akaniambia, "Mwanangu, ukifika, mwambie mamako anisamehe."

"Mwambie mwenyewe. Mtumbwi wetu unarudi mtupu, nafasi ipo."

"Wayua mimi na mto..."

"Najua. Ndiyo maana."

Alikuja. Sikumburuta, mume wangu ni shahidi. Aliketi katikati ya mtumbwi ameng'ang'ania kingo mbili, na mimi nilikaa nyuma yake. Mume wangu alisukuma upondo, na mimi nikamweleza Maalim kila mamba tuliyempita, ukubwa wa huyu na meno ya yule, na nikamweleza wengine wengi ambao hawakuwapo. Kila nilipotaja mmoja alisoma dua. Mume wangu alinikodolea macho nikamwambia apige upondo wake. Safari yote hiyo, mpaka Wenje, nilikula na kulala vizuri kuliko nilivyokula na kulala tangu Jilo aondoke.

Mama alikuwa akianua mahindi. Alimwona Maalim anashikwa mkono anapandishwa gatini, akauweka ungo chini, akangoja. Maalim alimwambia mwenyewe, amesimama, mbele ya majirani.

"Alizikwa?" Mama akauliza.

"Siyui, mama Jilo."

"Nani amemwosha?"

"Hakuoshwa. Mai hayakuwapo."

Mama aliuokota ungo wake, akautundika ukutani. Kisha akasema, "Tandikeni mikeka," akaenda nyuma ya nyumba kumfungua beberu.

Wenje yote ikaja. Jilo akaswaliwa, maiti ambaye hayupo, na Maalim ndiye aliyetangulia mbele, Mama alivyotaka. Sauti ile ikapanda, nzuri kama zamani, nami nikalia kwa uchungu wa kaka yangu na kwa hasira ya uzuri wake. Baadaye nyama ikaiva, masinia yakapita. Mama alimhudumia kila mtu. Wa mwisho akawa Maalim. Alimwekea sahani mapajani, akamshika mkono akamwelekeza.

Vidole vile virefu vikapapasa. Vikarudi vikapapasa tena. Ilikuwa mifupa, imetolewa nyama yote.

"Nyama ulishakula zamani," Mama akamwambia. "Hii ni yangu. Ishike."

Maalim aliishika. Watu wote walikula, wakanawa, wakasoma Fatiha, naye bado ameishika, na machozi yanamshukia kwenye ndevu. Kisha akainyanyua sahani kwa mikono miwili, akamnyooshea Mama upande ambao hakuwapo. Mama akazunguka, akasimama mbele yake, akaichukua.

"Nimepokea," akasema.